Baiskeli Mbili na Jiwe Jekundu

Elia alikuja kumzika shangazi yangu, na kitu cha kwanza nilichojiuliza nilipomwona ni nani aliyempa habari. Wengine msibani huona machozi ya watu. Mimi huona nani kaja, kaja na nani, na kaegesha gari wapi. Ndivyo nilivyo, sikatai. Nilikuwa nimekaa uani na wanawake wenzangu, huko Lukozi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, nikamwona anapita kuelekea walikokaa wanaume. Mvi zimemjaa, goti la kushoto analiburuza kidogo, kichwa kakiinamisha kwa adabu. Mama Rehema, jirani wa shangazi tangu ujana wao, akanisukuma kwa kiwiko. "Huyo si yule wako wa baiskeli?" Nikamwambia si wangu. "Haya, si wako," akasema, "lakini mbona umemtambua kwa mgongo?" Nikamwambia atuache, watu tuna msiba. Ila alikuwa amesema kweli, na tangu hapo dua nilikuwa naitikia kwa mazoea tu.

Habari za ukoo wetu niziache, zina wenyewe wa kuzisimulia. Mimi nataka kusimulia mwaka mmoja, ule niliomaliza shule nikawa nakaa kwa shangazi yangu, Bi Zaina, mjane asiye na mtoto, kwenye nyumba yake ya vyumba viwili na shamba lake la matuta linaloshuka mpaka mtoni. Karoti, kabichi, maharage, na miti ya plamsi pembeni. Shamba lile halikuwa na karatasi yoyote. Lilikuwa na masale yaliyopandwa mpakani na wazee waliokwisha kufa, na majirani wanaojua. Mimi kazi yangu ilikuwa kushusha kabichi sokoni Lushoto kwa baiskeli ya chuma isiyo na breki ya nyuma, na kwa sababu hiyo nilikuwa nimeshajulikana njia nzima kama yule binti asiyeogopa kona. Ndiyo sifa iliyomleta Elia. Alitoka Arusha na pikapu, nyuma kafunga baiskeli mbili ambazo sisi hatukuwa tumewahi kuona mfano wake, akaulizia mtu anayejua vinjia vyote kuanzia msitu wa Magamba mpaka Mlalo, wakamwelekeza kwangu. Alikuwa mwembamba, ana sauti ya chini, anacheka kabla hajamaliza kusema. Machale yakanicheza siku ileile.

Baiskeli zenyewe zilikuwa na shokapu mbele na nyuma, kama pikipiki, lakini hazikulingana. Moja shokapu zake zilikuwa ndefu. Ukiikalia inazama chini yako kama godoro jipya, na ukishuka nayo kwenye mizizi na mawe, mawe yanapita huko chini wewe huku juu huna habari. Ya pili shokapu zake zilikuwa fupi, haikuzama sana, ilikuwa nyepesi, na kila kokoto ulilolikanyaga ilikuletea taarifa mikononi. Elia alisema wageni wanaopenda baiskeli za milimani watakuja Usambara wengi tu, ila kila mgeni anataka kujua jambo moja kabla hajapanda: njia hii ni ya ndefu au ya fupi? Mtu akileta ndefu kwenye njia ya kupanda na kushuka kidogokidogo, anachoka bure, maana kila akikanyaga pedeli, baiskeli inainama na kuinuka, nguvu zinaishia kwenye springi. Akileta fupi kwenye mteremko wa ngazi na mawe, anaanguka. Basi kazi yetu ilikuwa kuendesha kila njia mara mbili, yeye na ndefu mimi na fupi, kisha tubadilishane, halafu tukae tubishane.

Na tulibishana, wallahi. Tulibishana barabarani, tulibishana kwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma, tulibishana tukiwa tumejikunyata chini ya bati la mtu mvua ikipiga. Yeye alipenda ile ndefu. "Hii inakusamehe, dada," alikuwa anasema. "Ukikosea mstari, inakusamehe." Nikamjibu mimi sijaomba msamaha wa mtu. Nilipenda fupi kwa sababu ilinieleza kila kitu kilichokuwa chini yangu, na mtu wa kushuku hataki kufichwa. Halafu kulikuwa na suala la salamu. Kwa ile ndefu Elia alikuwa anapita mbele za wazee kama jiwe lililoporomoka, hasalimii, na mimi nikabaki nyuma nashuka kwenye baiskeli kumsalimia kila mmoja na kumwombea radhi. Siku moja nikamsimamisha. Nikamwambia, kaka Elia, huku kwetu ukimpita mtu mzima bila shikamoo, kesho utaikuta njia ina miba. Akarudi mlimani kwa miguu akisukuma lile libaiskeli, akamsalimia kila aliyempita. Nilimwangalia akipanda, jasho linamtiririka, anainama mbele ya bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni, nikajisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Nikajiambia, ama huyu ni mtu mwema sana, ama anajua sana kujifanya.

Maana swali langu halikupata jibu. Mwanamume mzima, ana afya, ana akili, anatumia mwaka mzima kuuliza njia gani inafaa baiskeli gani? Si bure. Kuna namna. Kila jioni nilimweleza shangazi tulikopita, naye kila jioni aliuliza lilelile, "Na anatafuta nini?" Nikimwambia anatafuta njia, anacheka. "Njia haijapotea, mwanangu. Inatafutwaje?" Lakini Elia alipokuja nyumbani alimpokea. Jiko la shangazi lilikuwa la udongo, moshi umelipaka paa weusi unaong'aa, kuna kibao kimoja tu cha kukalia, naye alikuwa anampa Elia kibao yeye akikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Alimpikia makande ya mahindi mabichi, akampa chai ya tangawizi nzito. Elia alikula akiuliza maswali: mama, hili shamba linafika wapi? Haya maji yanakauka kiangazi? Huku chini mnapita na nini? Shangazi alijibu yote kama mtu anayejibu mgeni. Mimi nilikuwa nahesabu maswali yake kimoyomoyo, chai inapoa mkononi.

Kisha ikaja rangi. Elia aliamua kwamba mwanzo na mwisho wa kila njia tuweke alama kwenye jiwe: nyeupe kwa njia ya shokapu fupi, nyekundu kwa njia inayotaka ndefu. Nyekundu! Mtanzania gani asiyejua maana ya rangi nyekundu? Sote tumeona nyumba zilizopigwa X nyekundu, na tumeona kilichofuata. Nilimwuliza kwa nini isiwe bluu, isiwe kijani, akasema ndiyo rangi aliyokuwa nayo garini. Nikamtazama. Akacheka kabla sijacheka mimi. Tukapaka, na ninasema tukapaka kwa sababu brashi ilikuwa mkononi mwangu pia. Njia ngumu kuliko zote, ile Elia aliyoipenda hata akaiota, ilishuka kutoka kilimani moja kwa moja kwenye matuta ya shangazi, ngazi baada ya ngazi, kisha jabali, kisha mto. Hiyo ilitaka ndefu bila ubishi. Hata mimi nilikubali. Basi jiwe jekundu moja likawa juu kwenye njia panda, na jingine likawa chini, hatua chache kutoka masale ya mpaka wa Bi Zaina.

Wiki ile ile dunia yangu ikabadilika. Nilimsalimia mzee mmoja shikamoo, akaziangalia kabichi zake. Nikamsalimia mke wake, naye akaziangalia kabichi za mumewe. Mtu ambaye hajawahi kunyimwa marahaba hajui ninachosema. Unasimama pale na salamu yako kama mtu aliyenyoosha mkono ukaachwa hewani. Sokoni nilisikia wanawake wawili wanaongea nyuma ya magunia ya viazi, hawakujua nipo. "Ni yule binti wa kwa Zaina anayewapakia rangi." "Analipwa?" "Anapandishwa baiskeli." Wakacheka, na kile kicheko ndicho kilichoniuma kuliko maneno. Shangazi aliniuliza mara moja tu, akikuna nazi, hakuinua uso. "Ile nyekundu pale chini ni ya nini?" Nikasema ni ya baiskeli, shangazi, inamaanisha baiskeli ndefu. "Baiskeli ndefu," akasema. Akaendelea kukuna. "Na anayekuja kuisoma, ataisoma hivyohivyo?"

Haukupita muda nikapata baya zaidi. Elia alikuwa amepanga chumba Lushoto mjini, chumba cha mbao chenye kitanda, meza na zile baiskeli mbili zimeegemezwa ukutani. Nilienda asubuhi moja kuchukua ile fupi, nikafika mlangoni nikasikia yuko kwenye simu. Sikugonga. Nani angegonga? "Pale chini kwa yule mama ndiyo penyewe," alikuwa anasema. "Maji yapo, njia inaishia pale. Ni mjane, hana watoto. Hapana, bado sijamwambia. Nitamwambia mwenyewe, taratibu." Nikasikia kila neno, ubao ni ubao. Alipofungua mlango akakuta nimesimama, akafurahi. Na alifurahi kweli, uso wote, na hapo ndipo palikuwa na taabu yangu, kwa sababu wakati ule nilikuwa nimeshampenda. Niseme wazi maana mimi si mtoto tena: nilimpenda, nilikuwa nasikia mlio wa cheni yake nyuma yangu kwenye msitu wa Magamba moyo ukitulia, na nilijua hanifai kwa dini, hanifai kwa ukoo, na sasa hanifai kwa shamba. "Vipi, umesimama muda?" akauliza. Nikajikausha. Nikasema ndiyo kwanza nimefika.

Nilimweleza shangazi yote jikoni. Hakupiga kelele. Aligeuza maharage, akafunika, kisha akasema, "Amekula kwangu huyu." Basi. Siku zilizofuata zilikuwa za kuelekea Idi, kila nyumba inanunua chokaa ya kupaka ukuta, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuona wanawake wamebeba ndoo za chokaa vichwani alfajiri, Waislamu na hata Walutheri wasio na Idi. Walipita njia zote za upande wetu, shangazi na Mama Rehema mbele, wakapaka kila jiwe jekundu likawa jeupe. Kwa usalama zaidi wakapaka na mawe ambayo hayakuwa na rangi. Wakapaka na kisiki. Kwao nyekundu ilikuwa amri ya kuondoka, na nyeupe ilikuwa kuifuta. Hakuna aliyekumbuka kwamba kwa watu wa baiskeli nyeupe nayo ilikuwa inasema neno. Na mimi sikujua lolote, maana shangazi hakunishirikisha, na siku zile za Idi sikushuka mtoni wala kugusa baiskeli. Aliponiambia baadaye kwa nini, alisema, "Wewe ulikuwa unamtazama sana." Mjue na yeye alikuwa mtu wa kushuku. Nimerithi.

Wageni wa kwanza wa Elia walikuja baada ya Idi. Walikuwa kundi dogo, wengine Wazungu, wengine vijana wa Arusha, kila mmoja na baiskeli yake, nyingi za shokapu fupi. Elia alikwenda na gari kuzunguka kwa barabara, atukute chini na chakula, mimi nikaongoza. Alishawaeleza vizuri: wa fupi wafuate nyeupe, wasiingie nyekundu. Tulipofika njia panda juu ya Lukozi nikaona mawe mawili, kushoto na kulia, yote meupe kama mayai. Nikashuka. Kijana mmoja wa Arusha, mwenye fupi, alikuwa ameshageuza usukani kushoto. "Hii nayo nyeupe, dada, si ndiyo fupi zaidi kufika chini?" Nikatazama chini, ukungu ulikuwa umefunguka kidogo, nikawaona: shangazi amesimama kwenye tuta la kwanza na jembe begani, Mama Rehema, na wanawake wengine kama kundi la kwaya, wanatazama juu kuona nani atashuka. Nikaelewa yote kwa pumzi moja. Nikisema rangi imefutwa, wageni watauliza nani kafuta, na kesho shangazi yuko ofisi ya kijiji akijieleza. Nikinyamaza, huyu kijana anavunjika shingo kwenye ngazi ya tatu mbele ya macho yao. Nikaiweka baiskeli yangu kwa upana katikati ya njia. "Hii imefungwa," nikasema. Akauliza imefungwa na nani, mbona hakuna kibao. Nikasema nimeifunga mimi, na kama ana neno alimalizie njiani, tunapita kulia.

Elia alitukuta chini, sufuria ya pilau imefunikwa, uso umejaa matumaini. "Umewapitisha wapi? Mbona hamkutokea kwa mama?" Nikamwambia nimeifunga. Ni mara moja tu nilimwona amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya kimya: alichukua baiskeli yangu, ile fupi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, akapanda kilima kile kwa kasi ambayo sijaiona tena. Nilimkimbilia kwa miguu, sikumfikia. Alishuka njia ile aliyokuwa ameisema mwenyewe kwamba haitaki fupi. Kwenye ngazi ya kwanza alikuwa sawa, ya pili sawa, ya tatu tairi la mbele likakwama, akaruka juu ya usukani, akatua kwenye karoti za shangazi.

Nilipofika walikuwa wamembeba mpaka jikoni. Amekaa kwenye kilekile kibao, suruali imepasuka, goti limevimba kama kabichi changa, na shangazi anamkanda kwa maji ya moto. Sijawahi kuona mtu akihojiwa namna ile. "Ulitaka nini shambani kwangu?" anauliza, na kitambaa anakibonyeza. "Mama!" "Nakuuliza." "Choo, mama!" Elia akapiga kelele. "Nilitaka kuomba tujenge choo pale chini, na bomba, wageni wapumzike, uwauzie chai!" Mama Rehema akaziba mdomo na kanga, mabega yanamtikisika. Shangazi akakamua kitambaa. "Choo," akasema. "Na choo kinataka mtu asiwe na watoto?" Elia akanitazama mimi, akajua nilisimama mlangoni siku ile. Angeweza kusema lolote: kwamba mjane angenufaika, kwamba alikuwa anamwonea huruma. Alisema tu, "Ningekuja kukuomba, mama." Shangazi akamfunga goti vizuri sana, akampa chai, na hakumwalika tena.

Kabla hajaondoka Lushoto aliniita tukakaa kwenye ngazi za ile nyumba ya mbao, ndefu na fupi zimeshafungwa nyuma ya pikapu. Akaniambia twende Arusha, mengine tutayatatua huko. Nikamwambia aape kwanza kuhusu shamba. Akaniuliza, "Nikiapa utaniamini?" Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, si kwa hasira, akawasha gari. Nililia nikirudi Lukozi kwa miguu, nikilia na kusalimia, maana wazee walikuwa wameanza tena kuniitikia, wala huwezi kumpita mtu eti kwa sababu unalia.

Watu huniuliza kama nilimdhulumu. Sijui, na nimechunguza. Kwenye kitongoji kimoja upande wa pili, ambako hakuna aliyepaka chokaa, pale penye jiwe letu jekundu leo pana uzio, geti, na nyumba za kulala wageni, na wenyeji wanazunguka mbali kwenda mtoni. Niliulizia mwenye mali. Jina la Elia halimo. Ni watu wengine kabisa, walikuja miaka mingi baadaye. Lakini walijuaje kwamba pale ndipo? Nilishamwuliza mlinzi wa geti, akasema, dada, si panapendeza tu. Inawezekana. Panapendeza kweli. Na Bi Zaina amelima karoti zake mpaka mwezi uliopita.

Baada ya mazishi nilimsindikiza Elia kwenye gari. Tulipita kando ya matuta, polepole kwa ajili ya goti lake, na tuliongea vizuri, jamani, kama watu waliobaki hai. Alisema ana wajukuu wawili. Alisema baiskeli za siku hizi za shokapu fupi zinafanya mambo ambayo zamani ndefu ilikuwa haiwezi, na kwamba katika ubishi wetu huenda nilikuwa mbele yake. Akasema alisikia msiba kwa kijana wa Lushoto anayemwuzia viazi, nami sikuwa hata nimemwuliza. Nikamtazama mzee huyu, nikaona nilichokuwa nimekikalia miaka yote, na kikanijia mpaka kwenye ulimi. Nilikuwa namwambia. Haki ya Mungu, nilikuwa nimeshafungua kinywa nimwambie kwamba nilimpenda, kwamba mwaka ule sijaupata tena, kwamba hata kama alikuwa mwongo nilimpenda.

Akasimama, akaegemea mlango wa gari, akatazama chini mpaka mtoni. "Sasa," akasema kwa ile sauti yake, "shamba linabaki na nani?"

Ni swali la kawaida. Msibani kila mtu huuliza, hata Mama Rehema alishaniuliza asubuhi yake. Nikafunga kinywa. Nikamwambia linabaki na mimi, shangazi alishanikabidhi mbele ya mashahidi, na nitalilima. Akasema vizuri, vizuri sana, Mungu akubariki, akanipa mkono, akaondoka. Nilibaki barabarani mpaka gari likapotea kwenye kona, nimemjibu sawasawa kabisa, na roho inaniuma.